Sifuna Akigonga Mara Mbili

Makongeni nzima ilijua kwamba Jumamosi Muli anakuja kuchukua pikapu ya Gathoni, na ilijua kwa sababu Gathoni mwenyewe ndiye aliyeitangaza. Hakuna habari iliyowahi kulala kwenye kibanda chake cha chai. Hiyo ilitoka pamoja na chapati za kwanza saa kumi na mbili asubuhi, na kufika saa nne watu wa kuchomelea mageti, wa viatu na wa mitumba walikuwa wameshaijadili na kumrudishia mwenyewe ikiwa imenenepa.

"Ati unauza Peugeot, Mama Maggie? Si hiyo ndiyo ilibeba jeneza la baba yangu?"

"Ndiyo hiyo."

"Na mimi ndiyo ilinikimbiza kujifungua. Nilizalia hapo nyuma karibu na sufuria zako."

"Na hujawahi kuniletea hata soda," Gathoni alimjibu, akageuza chapati. "Muli ataikata vipande aiuze kwa kilo. Maggie amesema imetosha."

Wakacheka, na yeye akacheka nao. Lakini walipoondoka alisimama na kijiko mkononi akiangalia ng'ambo ya barabara, kwenye banda la mabati ambalo chini yake pikapu ile ya 504, rangi ya maziwa yaliyochanganywa na vumbi, ilikuwa imetengenezwa kwa miaka ishirini na mbili na mtu mmoja tu.

Mtu huyo aliitwa Sifuna. Alikuja Thika akiwa kijana, kutoka upande wa Bungoma, akafanya kazi kiwandani, kisha akajifungulia hilo banda. Alikuwa na namna yake. Mafundi wengine wakiletewa gari hukimbilia boneti. Sifuna hakufungua kitu. Alikuambia washa, kisha akakunja kidole cha kati na kugonga madigadi, lile bati la juu ya gurudumu, kwa kifundo chake, ko, ko, ko, kama mtu anayebisha hodi, huku ameinamisha kichwa. Ndipo angesema, "Ni plagi ya tatu," au, "Hii unaikimbiza bila oili, wewe." Na ingekuwa hivyo.

Mwezi wa pili mwaka huu kiharusi kilimkuta pale pale bandani, spana mkononi. Kilichukua upande wa kulia na kikachukua maneno yote. Sasa kila asubuhi mkewe, Jentrix, alimsukuma kwa kiti cha magurudumu hadi bandani, maana akiachwa nyumbani alitoa machozi. Watu walipita kumjulia hali, na kwa sababu hajibu, walimpigia kelele kana kwamba hasikii. "SIFUNA! UMEKUNYWA CHAI?" Gathoni ndiye aliyepiga kelele kuliko wote. Sifuna aliwatazama, akagonga mkono wa kiti kwa kidole cha kushoto. Wakasema, maskini, ona vile vidole vinamtetemeka.

Maggie, binti pekee wa Gathoni, alikuwa na nyumba Membley na kazi ya ofisini, na hakuwa mtoto wa madharau. Alikuja Jumapili moja baada ya kanisa, akaketi kwenye benchi la kibanda na nguo yake nzuri.

"Mama, mimi sina ugomvi na Peugeot. Nimekulia ndani yake. Lakini ilikuwa na mtu mmoja wa kuijua, na mtu mwenyewe ni huyo." Akaonyesha ng'ambo kwa kidevu. "Ikikuzimia njiani utampigia nani?"

"Na yako ilipokataa kujua ufunguo wake? Si ililala kwa geti siku kumi na mbili ikingoja kakifaa kutoka ng'ambo? Ati kijana amekuja na kompyuta, kompyuta inasema gari ni mgonjwa lakini haisemi inaumwa wapi!"

"Na hiyo umeshaambia watu wangapi?"

"Wachache."

Maggie alicheka kidogo, kisha akanyamaza, na kunyamaza kwake ndiko kulikomshinda mama yake. Maana Gathoni alikuwa amejaribu. Alikuwa amepeleka pikapu kwa vijana wawili wa gereji ya mjini. Wa kwanza aliizunguka mara mbili akauliza kompyuta inachomekwa wapi. Wa pili aliifungua, akaifunga, akamwambia kama anayemwita bibi yake, "Cucu, hii ni ya makumbusho." Basi akakubali. Gari dogo jeupe lenye skrini, ambalo Maggie alikuwa akimnunulia, lingeletwa Jumatatu. Muli angekuja Jumamosi.

Ikabaki Alhamisi, siku ya kumpeleka Sifuna mazoezi ya viungo Ruiru. Gathoni alikuwa amempeleka kila Alhamisi, kiti cha magurudumu kikifungwa nyuma kwa kamba, na wao watatu wakibanana mbele: yeye kwenye usukani, Jentrix katikati, Sifuna dirishani. Hakuwa amemwambia Sifuna kuhusu Muli. Alikuwa ameambia kila mtu mwingine, lakini huyo alishindwa kumwambia. Kwa hiyo siku hiyo aliongea mengine yote. Aliongea juu ya harusi ya kwa kina Kahiga iliyokosa wali, aliongea juu ya pasta aliyehama na viti vya kanisa, akaongea kutoka Makongeni hadi wakapita Juja bila kuvuta pumzi.

Karibu na Kimbo injini ikakohoa. Ikakohoa tena, ikavuta, ikafa. Gathoni aliiacha iteleze kando ya barabara ya pembeni, akawasha. Ikazunguka vizuri lakini haikushika.

"Ni petroli," alisema. "Wale wa pale kituoni wanatia maji, mimi nilisema."

Sifuna aligonga dashibodi. Ko, ko.

"Usijali, Sifuna, tutafika. Mama Boaz, mwambie tutafika." Mama Boaz ni Jentrix, kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Gathoni alishuka, akafungua boneti, akachomoa mpira wa petroli. Petroli ikatoka safi, ikamlowesha viatu, akaurudisha mpira. "Basi ni betri."

Ko, ko.

"Betri imelegea hapa, lazima..."

Ko, ko, kwa nguvu zaidi.

"Ngai, Mungu wangu, amekasirika. Ni jua. Mfungulie dirisha, halafu mimi nimpigie Maggie, yuko tu hapa Membley..."

Alimpigia. Maggie akasema anakuja, na wasiguse kitu. Gathoni alikuwa bado anaongea kwenye simu iliyokatika Jentrix alipotoa kichwa nje ya dirisha. Jentrix alikuwa mwanamke wa sauti ya chini, na katika miaka yote hiyo hakuwa amewahi kumkatiza.

"Mama Maggie. Hebu nyamaza."

Gathoni akanyamaza.

"Ukisema petroli, anagonga mara mbili. Ukisema betri, mara mbili." Jentrix alimgeukia mumewe, akaongea taratibu, bila kelele. "Baba Boaz. Mara mbili ni hapana?"

Sifuna aligonga mara moja.

Magari yalipita yakivuma kwenye barabara kuu. Miezi minane. Miezi minane mtu huyu amekaa ng'ambo ya kibanda chake akiwajibu, chai nimekunywa, hapana sijalala vizuri, ndiyo naumwa, na wao wakimpigia kelele na kumhurumia vidole. Na yeye Gathoni, ambaye hakuna mlango Makongeni ambao hajui nyuma yake kuna nini, ndiye aliyekuwa na sauti kubwa kuliko wote.

"Nisamehe," alimwambia.

Sifuna hakugonga kitu. Aliangalia boneti.

Walimshusha na kumweka kwenye kiti chake, wakamsogeza hadi kando ya injini. Gathoni alinyoosha kidole juu ya kila kitu, polepole, kimoja kimoja, kama mtoto anayesoma ubaoni. Kabureta? Ko, ko. Waya za plagi? Ko, ko. Kile kikopo cheusi ambacho waya zote zinatokea, distributa? Ko. Mara moja.

Alibandua vibanio viwili, kofia ikatoka. Ndani mlikuwa na vidomo viwili vidogo vya chuma, vinavyofunguka na kufunga ili moto uruke kwenda kwenye plagi. Vilikuwa vyeusi, vimeungua, vimekaribiana hadi vimeshikana. Hata Gathoni aliona hapo pameharibika.

"Nivisugue?"

Ko.

Hakukuwa na msasa. Jentrix alikuwa na kiberiti kwenye mkoba. Gathoni alirarua ule upande wa kuwashia, akaukunja, akasugua hadi chuma kikang'aa. Kisha Sifuna aliinua mkono wa kushoto, akatenganisha kidole gumba na cha shahada kidogo sana. Akawa anawaonyesha nafasi. Upana gani? Akagusa mfuko wa shati lake. Jentrix akatoa kilichokuwemo: kadi ya kliniki, yenye tarehe zote za Alhamisi. Sifuna alishika pembe yake, akaikunja: nafasi iwe unene huo.

Watu wawili wa bodaboda walikuja kusukuma, gari likiwa kwenye gia ya nne ili injini izunguke nalo, inchi kwa inchi, mpaka vidomo vikaachana kabisa na Sifuna akagonga wasimame. Gathoni alilegeza skrubu kwa ncha ya kisu cha kukatia chapati, akaingiza kadi katikati, akasogeza, akakaza. Akavuta kadi. Ko, ko. Imebana mno. Akarudia. Ko, ko. Jasho lilimwingia machoni na mgongo ukamuuma, na Sifuna hakumhurumia hata kidogo. Mara ya nne kadi ilitoka ikisugua kidogo tu, na kidole kikagonga mara moja.

Maggie alifika wakati huo. Alisimama kando, ufunguo mkononi, akatazama mama yake akirudisha kofia, akiingia ndani, akiwasha. Injini ikashika. Mmoja wa bodaboda akapiga mluzi.

Sifuna alikuwa amefumba macho, ameinamisha kichwa, kifundo cha kidole kikiwa kwenye madigadi. Upande mmoja wa uso wake ulikuwa umelowa.

Maggie alimwamkia kwa sauti ya kawaida, kisha akamvuta mama yake pembeni. Aliongea kwa upole, na ndiyo maana iliuma.

"Nimeona, mama. Nimeona kabisa. Lakini daktari alisema kiharusi cha pili kikija, hatapona. Siku Sifuna akienda, je?"

Gathoni alirudi kwenye usukani. Walikuwa wamechelewa kliniki, kwa hiyo wakageuza, na kutoka Kimbo hadi Makongeni hakuna aliyemsikia akitoa neno moja. Jentrix alidhani ni mgonjwa.

Jumamosi Muli alikuja saa tatu na lori lake la kuvutia magari. Alikuta watu kama ishirini wamejaa banda la Sifuna, vikombe vya chai mkononi, na hakuna aliyekuwa akipiga kelele. Fundi mmoja wa jirani alikuwa amesogeza Datsun ya mteja mbele ya kile kiti cha magurudumu, akiuliza maswali ya kujibiwa mara moja au mara mbili. Pikapu ya rangi ya maziwa na vumbi ilikuwa nyuma, boneti wazi, miguu ya Gathoni ikionekana chini yake.

"Mama Maggie, salama? Mimi niko na haraka. Lete ufunguo."

"Haiuzwi, Muli. Nilikupigia jana hukushika."

"Haiuzwi?" Muli alishusha sauti, akatupa jicho kwenye kiti. "Mimi sitaki kukuudhi. Lakini wewe mwenyewe unaona vile mzee yuko. Huyu ni wa leo, ni wa kesho. Akienda utabaki na chuma tu."

Watu wakamgeukia Gathoni, wakingoja. Wote walijua ulimi wake, na mmoja alikuwa ameshaanza kutabasamu. Gathoni alitoka chini ya boneti. Oili ilikuwa imemfika kwenye viwiko, na kucha zake, ambazo kila mtu alizijua kwa unga, zilikuwa nyeusi. Alimwangalia Sifuna kwanza, na Sifuna alimwangalia yeye. Hakuna kati yao aliyejifanya hakusikia.

"Najua," alisema. "Ndiyo maana leo sina muda wa kuongea."

Akashika spana, akaiweka kwenye nati iliyofuata, na kabla hajaikaza akageuza kichwa na kungoja.

Ko, ko.

Akaitoa, akatafuta nyingine.