Chuma Kinacholia

Mimi ni mtu wa majembe. Nina duka dogo Kituntu, nauza majembe, mapanga, misumari na mundu za kupogolea migomba, na kwa miaka ishirini na mbili hakuna mteja aliyenirudishia jembe akilalamika kwamba limepinda. Kazi yenyewe haina uganga. Unalishika jembe kwa vidole viwili, unaligonga kwa kokoto, unasikiliza. Likilia kwa muda mrefu, hicho ni chuma. Likisema dufu likanyamaza, ni bati lililopakwa rangi, mwachie mwingine. Watu wa Kanoni wanayapita maduka manne kuja kwangu niwagongee.

Nayasema haya mapema ili mjue kwamba ujinga nilioufanya haukutokana na kutojua kitu. Ulitokana na kujua.

Gofu niliingizwa na Mama Placidia. Ni mkunga mstaafu, ana miaka sitini na minane, na mchezo huo alijifunza Moshi alikofanya kazi kabla ya kuhamia hospitali ya kwetu. Alipostaafu alimwomba jirani yake Evaristi kipande cha malisho, akachimba mashimo sita, na kila shimo akalizamishia kopo la maziwa ya unga. Kuzunguka kopo tumeshindilia mchanga, maana zile nyasi laini za kwenye televisheni hapa hazipo. Ng'ombe wa Evaristi ndio wanaotupunguzia nyasi. Mpira ukitua kwenye kinyesi unausogeza bila adhabu, sheria tuliyojitungia wenyewe baada ya padri wetu, naye mchezaji, kukataa kupiga. Tuko wachezaji tisa.

Nilipoanza, miaka minne iliyopita, nilihitaji mapigo sitini na kitu kumaliza mashimo sita, na kwenye gofu mwenye mapigo machache ndiye mshindi. Mwaka huu nilishuka hadi thelathini na tatu. Mke wangu Agnetha anasema kadiri mapigo yalivyoshuka ndivyo mabega yangu yalivyopanda, na sina ushahidi wa kumpinga.

Ndipo ikaja barua kutoka Mwanza. Klabu moja ya huko ilikuwa inaalika wachezaji wanne kutoka kwetu. Watatu walipatikana bila ubishi, padri akiwa mmojawapo. Nafasi ya nne ikabaki kati yangu na Mama Placidia, na ikaamuliwa tuicheze Jumapili baada ya misa, mashimo sita, mshindi aende. Niliitaka nafasi ile mpaka usingizi ukawa wa shida. Sikuwahi kukanyaga uwanja halisi wa gofu. Sikuwahi kucheza na mtu asiyenijua kama Kahigi wa majembe. Na Mama Placidia sikuwahi kumshinda hata siku moja. Yeye naye hakuficha kwamba anaitaka.

"Goti hili mwakani sijui kama litakubali," aliniambia. "Kwa hiyo, Kahigi, usitegemee huruma."

Kwa maoni yangu, kilichonikwamisha kilikuwa ni fimbo. Nilikuwa na fimbo nne za chuma za kuokoteza, mojawapo ikiwa imechomelewa shingoni. Mpira ukienda kichakani, niliitazama fimbo. Ukienda sawa, niliwatazama watu.

Jumatatu ya wiki ile akanipigia simu Hirwa, mfanyabiashara wa mitumba kule Isingiro, Kyerwa. Alikuwa amepata seti mbili kamili za fimbo za chuma. Sasa, kwetu mtu haendi kununua ng'ombe peke yake. Anamchukua anayejua ng'ombe kuliko yeye, amkague meno na miguu, ndipo atoe pesa. Fimbo zile kwangu zilikuwa ng'ombe, na anayezijua alikuwa mmoja tu, ndiye yuleyule niliyetaka kumshinda. Nikaenda kumwomba. Alikubali papo hapo, hata kitambaa cha kichwa akafunga nikiwa bado nazungumza, na hapo ndipo nilipoanza kumshuku.

Hirwa alitukaribisha kwa kisahani cha kahawa ya kutafuna, akatandaza turubai uani na kuzipanga seti zote mbili. Mama Placidia aliinama kwa shida, akainua fimbo namba saba ya seti ya kwanza. Ilikuwa na kichwa kinene, kipana chini, na mgongoni imechimbwa ikaacha uwazi.

"Chukua hizi," alisema. "Uzito wameusukumia pembeni. Ukikosea kidogo, mpira unakwenda tu. Na wewe, mwanangu, unakosea kidogo karibu kila mara."

Nikacheka kwa adabu. Nikaipokea ile namba saba, nikaishika kwa vidole viwili, nikaokota kokoto. Dufu. Nikachukua ya seti ya pili, kichwa chembamba, chuma kitupu kisicho na uwazi wowote, kinang'aa. Nikagonga. Ililia mpaka kuku wa Hirwa wakainua vichwa.

"Hicho ni chuma," nilisema.

"Ni chuma kweli," alisema Mama Placidia. "Lakini ni cha mtu anayepiga palepale kila siku, mahali padogo kama kifungo cha shati. Mimi mwenyewe siziwezi fimbo hizo. Chukua nene, Kahigi."

Mtu mwenye akili angesikia kwamba mchezaji anayemshinda kila siku anaziogopa, akaziacha. Mimi nilisikia kwamba nikizimudu hizo, nimeshampita. Hirwa naye akasema kwa upole kwamba yeye ni muuzaji tu, lakini kwa nilivyomweleza mchezo wangu, angeniona na zile nene. Nikawatazama wawili hao. Wamepanga, nikajiambia.

Nilipokuwa nafunga zile nyembamba kwenye pikipiki, Mama Placidia alisogea karibu.

"Turubai bado limetandazwa," alisema. "Badilisha."

"Mama waitu," nikamjibu kwa heshima ya kwetu, nikitabasamu kama mtu aliyeona mtego kabla ya kuukanyaga, "chuma ndiyo kazi yangu."

Akapanda pikipiki yake, tukarudi.

Njiani nilimsikitikia. Mama mzima, kila Jumapili yuko kanisani, na bado anaweza kumpotosha mwenzake kwa sababu ya safari ya Mwanza. Nilipofika nyumbani nikamsimulia Agnetha jinsi nilivyoukwepa mtego.

"Baba Dastan," alisema Agnetha, akiendelea kumenya ndizi, "watoto wetu watatu kawapokea yeye kwa mikono yake. Leo ndiyo aanze kukudanganya kwa fimbo?"

Nikamwambia asiyoyajua ayaache.

Wiki nzima nilifanya mazoezi pembeni mwa kibanja chetu cha migomba. Katika kila mapigo kumi, tisa yalinitikisa mikono mpaka kwenye viwiko, na la kumi lilikuwa zuri ajabu. Mpira uliruka juu ya migomba kwa unyoofu nisiowahi kuuona. Mtu wa aina yangu hulala akiliwaza hilo moja. Kuhusu yale tisa nilijiambia maneno ninayowaambia wateja, kwamba chuma kizuri sharti kiuzoee mkono.

Jumapili wachezaji wote walikuja, na watu wengine waliotoka kanisani wakakaa kwenye ukingo wa malisho. Pigo langu la kwanza lilikuwa lile la kumi. Mpira ulipaa, ukanyooka, padri akapiga makofi. Nikamtazama Mama Placidia kwa huruma.

Pigo la pili mpira uliburuzika chini kama panya aliyefukuzwa ghalani. La tatu likanichapa viganja hadi nikaachia fimbo. Kwenye shimo la tatu mpira uliingia kibanja cha jirani, Niyonsaba, katikati ya kuku, na yeye mwenyewe akaurudisha akiuliza kwa heshima zote kama ugomvi wangu na kuku wake hauwezi kuzungumzwa. Mama Placidia alikuwa anachechemea mbele yangu, anapiga, anachechemea tena. Wala hapigi kwa uzuri. Lakini mpira wake kila mara uko mbele, uko katikati, unamsubiri.

Kwenye shimo la tano alikuwa amenitangulia kwa mapigo tisa. Alichomoa namba saba yake, na kwa kuwa sikuwa na hamu tena ya kuutazama mpira wangu, nikaitazama fimbo yake. Ilikuwa imechakaa, rangi imebabuka. Ilikuwa nene. Mgongoni imechimbwa, ina uwazi. Nikachungulia ndani ya mfuko wake. Zote zilikuwa hivyo. Miaka minne nimetembea kando ya mwanamke huyu nikitazama mpira wake unakokwenda, na siku hata moja sikugeuka kuona unapigwa na nini.

Tulitembea kwenda shimo la sita.

"Mama," nilisema mwishowe, "zako ni nene."

"Tangu Moshi."

"Kwa hiyo ulinichagulia fimbo za kukushindia."

"Nilikuchagulia zinazokufaa. Kushinda ni juu yako."

"Sasa mbona hukunilazimisha?"

Alisimama, akaegemea fimbo yake kupumzisha goti.

"Nilikuambia mara tatu, Kahigi. Ya nne ningekuwa nakubembeleza uninyime Mwanza."

Alipiga mara mbili, akafika mchangani, akausukuma mpira taratibu ukaingia kwenye kopo. Thelathini na moja. Mimi nilikuwa bado nyasini, na kwetu kila mtu ni lazima amalize. Nikamaliza kwa arobaini na saba, watu wote wakiwa wamesimama kunisubiri. Hakuna aliyecheka, na hilo liliniuma kuliko kucheka.

Walipokwisha kumpongeza na kuanza kutawanyika, nikamfuata. Ningeweza kumpa mkono nikaenda zangu, asingejua lolote. Lakini nilikuwa nimemdhania uongo mtu aliyenitakia mema kwa hasara yake mwenyewe, tena nimemsema vibaya jikoni kwangu, na moyo ulikataa kwenda nyumbani na mzigo huo.

"Mama, nisamehe. Kule Isingiro nilidhani unanidanganya."

"Nilijua," alisema.

"Ulijuaje?"

"Kwa vile ulivyokuwa unatabasamu." Alikuwa anapangusa mchanga kwenye mpira wake kwa pindo la kitenge. "Sura hiyo nimeiona sana wodini. Baba analetewa mtoto, anamtazama, anatabasamu hivyohivyo, anahisi si wake."

Nikaokota fimbo zangu nyembamba.

"Na watoto hao karibu wote walikuwa wa kwao," alisema, akanipa mfuko wake wa fimbo nimbebee, akatangulia.