Chupa Nyeusi na Chupa Nyekundu

Mukiri alimwona mumewe akikunja blanketi mchana kweupe, akajua anaondoka. Tangu arudi kutoka kizuizini mwa wakoloni, Kaberia alilala ameketi, akishtuka kila kuku alipoparua mlangoni. Mwalimu aliyejulikana Kanyakine nzima kwa kicheko, sasa hata bintiye Mwendwa alimkimbia.

"Naenda kwa ndugu yangu kule Manyatta," alisema. "Pasi ya kusafiri nimeshapata. Nyinyi mtapumua."

Mukiri hakubishana. Alikuwa mkaidi kimya kimya, ule ukaidi wa watu wanaopenda sana. Aliingia ndani, akashusha kibuyu cha mbegu za njahi, yale maharagwe meusi, akatia mkono hadi kiwikoni.

Siku askari walipokuja kumkamata Kaberia, walimkuta na salfa ya kufundishia kemia, wakasema ni ya kutengeneza baruti. Nyumba waliipindua juu chini. Lakini mlinzi wa kijiji aliyekuja nao, mtoto wa hapa hapa anayejua mwiko, angetiaje mkono kwenye kibuyu cha mbegu cha mke wa mtu? Alikipita akitazama pembeni. Humo Mukiri alikuwa ameficha chupa mbili ndogo, zawadi ya profesa wa mumewe kule Makerere. Kaberia alizipenda kuliko baiskeli yake.

Sasa alizitoa, akaziweka juu ya blanketi. Moja ilikuwa na unga mweusi, nyingine unga mwekundu kama pilipili.

"Nikumbushe, Mwalimu. Ulinichosha nazo mwaka mzima tulipooana."

Kaberia alizishika. "Ndani ni vitu vile vile," alisema polepole. "Madini adimu yanaitwa seriamu, na salfa. Hakuna kilichoongezwa wala kupunguzwa. Huu mweusi ukitiwa kwenye moto mkali sana, chembe zake zinajipanga upya, unakuwa mwekundu."

"Basi na wewe ni yule yule."

Alitikisa kichwa. "Umesahau mwisho, Mama Mwendwa. Ukipoa, haurudi kuwa mweusi. Unabaki hivyo hivyo." Alizirudisha chupa juu ya blanketi. "Yule unayemngoja hatakuja."

Mukiri alimhurumia. Aliifuta chupa nyekundu kwa leso yake, akaiweka dirishani penye mwanga. Nyeusi aliirudisha kibuyuni.

"Nani amekuambia nangoja huo mweusi?"

Kisha akalikunjua blanketi, akalitandika kitandani. Kaberia alikaa juu yake. Mwendwa alipoingia na kuuliza kile chekundu dirishani ni nini, baba yake ndiye aliyemjibu.