Koti la Kapteni

Snæbjörn alirudi kutoka mafunzoni Norway na koti la kijeshi lenye vifungo vya shaba, na mke wangu Sólrún akavishika vifungo vile kimoja kimoja kama anayechagua mayai. Nilimwonea wivu Snæbjörn. Simung'unyi maneno: nilimwonea wivu tangu utotoni, aliponibwaga mieleka mbele ya kanisa.

Mwaka huo Waingereza walikuwa wamefunga virago na kuiacha Iceland bila mlinzi. Serikali ikataka jeshi kubwa, na kapteni wa bonde letu akawa yeye. Sawa. Lakini mimi nilikuwa mfalme wa mlima. Kila Septemba niliwaongoza wanaume kuswaga kondoo wa bonde zima kutoka nyikani hadi zizini, na nikisema kushoto, hata mchungaji wa kanisa anakwenda kushoto.

Wakubwa wa Reykjavík, wanaomjua kondoo akiwa sahanini, wakatangaza vijana waandikishwe wiki ileile ya kuswaga. Snæbjörn akangoja ukumbini kutwa nzima. Hakuja hata mmoja. Akapanda farasi, akatufuata mlimani.

"Jamani, nchi inawahitaji!"

"Isubiri," akajibu mzee Kolbeinn. "Theluji ndiyo haisubiri."

"Mzee, hii ni amri!"

"Amri ya nani? Yako? Si juzi tu nilikuwa nakufuta kamasi wewe?"

Wakacheka, nami nikacheka kuwashinda wote. Roho yangu ilisuuzika.

Kisha ukungu ukashuka, na kundi moja likabaki ng'ambo ya mto uliofurika. Nikaamuru tungoje kukuche. Snæbjörn akavua koti lake.

"Nishikie hili, Hallvarður."

Akamwingiza farasi majini. Alirudi jioni kupitia kivuko cha juu, anatetemeka, kondoo wote wakiwa mbele yake. Wengi walikuwa na alama yangu sikioni. Afadhali wangezama.

Zizini, ambako wake zetu walitungoja, tulitenga kondoo, chupa ikazunguka, watu wakaimba, kisha ukafika wakati wa kumchagua mfalme wa mwaka ujao. Walipotaja jina la Snæbjörn, mikono ikanyooka kila upande, na wa Sólrún ukawa juu kuliko yote. Lilipotajwa langu, ulinyooka mkono mmoja. Ulikuwa wangu.

Snæbjörn akanijia, nami bado nimelibeba koti lake kama mtumishi.

"Baki nalo, ndugu yangu. Jeshi nimeliacha. Nitawaambia wakubwa ukapteni wakupe wewe, maana unajua kuamrisha."

"Askari wapo wangapi?"

"Bado hawajapatikana."

Nyumbani nilijifungia chumbani, nikalivaa. Lilinikaa sawasawa, utadhani nilipimwa mimi. Nikasimama wima mbele ya kioo, nikajipigia saluti. Huko nje nikamsikia Sólrún akimkaribisha mfalme aingie anywe kahawa.