Shingo ya Fremu

Mtaa mzima ulimwita Msasa, na jina lilimkaa. Alikuwa fundi wa kuchomelea mageti na vitanda vya chuma, mtu wa miaka arobaini na mitano, na alikuwa na ugonjwa mmoja tu: chuma kikibaki na kikwaruzo, yeye hana raha. Geti limeshakubaliwa, limeshapakiwa kwenye mkokoteni, linaondoka zake, na Msasa bado analikimbilia nyuma na kipande cha msasa mkononi. Wateja walimcheka, kisha wakarudi na kazi nyingine. Basi ugonjwa huo huo ndio uliomtia mashakani.

Dada yake mkubwa alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza. Miaka thelathini na moja amewashika watu mikono, hii ni a, hii ni e, na Msasa mwenyewe alikuwa mwanafunzi wake wa mwanzo kabisa, pale pale jikoni kwao, kabla hata hajaota meno ya pili. Mwaka uliopita kisukari kilimkata mguu wa kushoto. Alilala, akapona, akajifunza magongo. Lakini shule ilikuwa mbali, huko ng'ambo ya bonde, na kukodi gari asubuhi na jioni si jambo la mshahara wa ualimu. Mwalimu mkuu alivumilia mihula miwili, halafu akasema neno lake la mwisho: siku shule itakapofunguliwa muhula ujao, mwalimu asipoonekana darasani, darasa linapewa mwingine naye anaandikiwa kustaafu kwa maradhi.

Dada alizipokea habari hizo akiwa ameketi kitandani. Akasema, "Sasa nitaamka asubuhi nifanye nini?" Hakusema zaidi, na Msasa akaona heri angepiga kelele.

Nyuma ya karakana palikuwa na fremu ya pikipiki ya marehemu baba yao. Ilikaa pale miaka nenda miaka rudi, kuku wakitagia chini yake. Msasa akaitoa. Injini aliinunua kwa mteja mmoja, na risiti akapewa. Nyuma akaunga ekseli ya magurudumu mawili na kiti chenye mkono wa kushikilia. Pikipiki ya magurudumu matatu, dada apande mwenyewe, aende mwenyewe. Alifanya kazi ile wiki tatu, mageti ya watu akayaweka kando, na wenye mageti wakamsema vya kutosha.

Fremu ilikuwa imeliwa na kutu, hasa shingoni, pale usukani unapopita. Palikuwa na mabaka na vishimo vya kila namna. Mwingine angepaka rangi juu yake yakaisha. Msasa huyu? Thubutu! Akajaza kwa kuchomelea, akasaga, akapiga msasa wa kwanza, wa pili, na ule laini kabisa, mpaka ukipitisha kidole unadhani umeshika shingo ya chupa. Kisha akapaka rangi ya bluu na kusimama kuitazama kama bibi harusi.

Alipoipeleka kukaguliwa ili isajiliwe, mkaguzi wa magari naye alipitisha kidole pale. Akainuka, akainama tena.

"Fundi, namba iko wapi?"

"Namba gani, afande?"

"Ya fremu. Inagongwa hapa shingoni kiwandani. Kila fremu ina yake."

Msasa akapitisha kidole chake pale pale. Jamani, geti halina namba! Kitanda hakina namba! Miaka ishirini anasaga vyuma, na hata siku moja hakuna aliyemwambia kwamba kuna chuma ambacho ukikilainisha umekiharibu.

"Nimeisaga, afande," alisema. "Ni ujinga wangu."

"Kadi ya umiliki?"

"Sina. Ilikuwa ya marehemu baba, sijui aliiweka wapi."

"Kadi hakuna, namba imefutwa." Mkaguzi alifunga daftari lake. "Chombo cha namna hiyo unajua tunakiitaje."

Alijua. Cha wizi.

Hapo ndipo danadana ilipoanza. Polisi wakataka barua ya serikali ya mtaa. Serikali ya mtaa wakataka cheti cha kifo cha baba. Cheti kikapatikana, ofisi ya usajili wakasema wao hawahusiki mpaka polisi waandike. Polisi wakasema wataandika nini na namba hakuna? Njoo kesho. Afisa ametoka. Muhuri uko kwa afisa. Msasa alikaa kwenye mabenchi mpaka akayajua yote, lipi linayumba na lipi lina msumari. Kila dirisha aliungama upya: nimeisaga mimi, kwa mikono yangu, sikujua. Alichoka hoi. Aliona aibu ya kuonekana mwizi, lakini kilichomla moyo ni kwamba mkono wake mwenyewe ndio ulioifuta kazi ya dada yake. Jioni akirudi anamsimulia, na dada anamsikiliza huku anatazama ukuta. Msasa akadhani amekasirika naye, akaona ana haki.

Mwishowe mkuu wa kituo cha polisi akamwonea huruma. Alisikia jina, akacheka mpaka akavua kofia. "Huyu namjua! Alinitengenezea geti, akalisaga mpaka komeo likakosa pa kushika! Kama kuna mtu duniani wa kufuta namba bila nia mbaya, ni huyu." Akatoa njia. Watoto wote wawili wa marehemu waape mahakamani, kwamba fremu ilikuwa mali halali ya baba yao, kwamba ilikuwa na namba yake, na kwamba fundi aliifuta kwa bahati mbaya. Wakishaapa, inagongwa namba mpya. Siku ya kiapo ikawa Ijumaa. Jumatatu shule inafunguliwa.

Wakaenda kwa gari la kukodi, dada amevaa gauni lake la shuleni. Karani aliwapa karatasi waisome kwenye ukumbi wakisubiri kuitwa. Msasa aliisoma haraka, akatabasamu kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi. Dada aliisoma, akarudia, kisha akaiweka mapajani.

"Mimi siwezi kuapa," alisema.

"Dada! Huwezi nini tena? Ni kuinua mkono tu."

"Punguza sauti." Aliangalia mlangoni. "Hukufuta namba yoyote wewe. Hapakuwa na namba."

Msasa alimtumbulia macho.

"Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, wewe ulikuwa mgongoni kwa mama. Baba alifunga mlango mchana kweupe. Akachukua tupa. Mimi ndiye niliyemshikia fremu isitikisike. Ikatoka namba moja moja, na mimi nilikuwa nazisoma mpaka zikaisha. Akaniambia nikisema, atafungwa, tutakufa njaa. Sikusema. Hata mama sikumwambia."

"Ilikuwa ya nani?"

"Sijui. Ya mtu aliyeamka akaikosa."

Watu walipita na mafaili yao. Msasa alifikiria madirisha yote aliyosimama akijitukana, akaona hasira inampanda. Mwezi mzima anajiita mjinga mbele za watu, na mwenye habari ameketi nyumbani.

"Mwezi mzima, dada! Unaniona ninavyohangaika, unaniona siku hizi silali, na unajua! Kwa nini hukuniambia siku ile ile ya kwanza?"

Dada alianza kulia, machozi bila sauti, na hakuyafuta.

"Nilitaka kurudi darasani," alisema. "Nilitaka sana, mdogo wangu. Nikajiambia, mwache aamini ni yeye, hakuna atakayeumia, baba mwenyewe amekufa. Nilidhani nitaweza hata kuapa. Leo asubuhi nimevaa nikijua nitaweza." Akamsukumia karatasi. "Wewe apa ukitaka. Labda watakubali mmoja. Utakuwa hujasema uongo, ulikuwa hujui."

"Sasa najua."

Mlango ukafunguliwa na karani akawaita, watoto wa marehemu, waingie. Msasa alisimama. Hasira yote ilikuwa imekwisha, imebaki huruma tu, kwake na kwa dada, na hata kwa yule mzee na tupa yake. Akamuuliza kwa sauti ya chini, "Dada, niseme nini?" maana hata sasa, na mvi zake kichwani, Msasa bado alimwuliza mwalimu wake wa kwanza.

Dada alivuta magongo yake, akajiinua taratibu mpaka akasimama wima.

"Niache niseme mimi," alisema, akatangulia kuingia.