Rimu za Kumi na Nane za Bi Afrah

Hilwa, mjukuu wangu, alikuwa amebakiwa na siku tisa za majaribio katika gereji ya tairi ya Bwana Awadh hapa Satwa, na Bwana Awadh alikuwa hajasema neno. Akimkubali, atamtolea viza ya kazi. Asipomkubali, khalas, atarudi Mombasa na cheti chake cha ufundi akakitundike ukutani. Mimi nashona mabuibui duka la pili yake, ukuta ni mmoja, kwa hivyo niliyoyaona nayaeleza kama nilivyoyaona.

Jumatatu asubuhi iliingia gari nyeusi ya milango minne, lakini si ya kupelekea watoto madrasa. Ni zile zinazonguruma hata zikiwa zimesimama. Aliyeshuka ni Bi Afrah, daktari, Mwomani aliyelelewa na bibi yake wa Unguja, na Kiswahili chake kitamu kuliko cha Hilwa. Alikuwa anahamia Austria kikazi, miaka miwili, na gari ilikuwa inapanda meli Jumamosi.

"Huko kuna theluji," akasema. "Nataka tairi za baridi, na nataka zifungwe hapa hapa, nikaipokee gari ikiwa tayari."

Khalfan, fundi mkubwa, mtu wa Tanga, akayatazama magurudumu: rimu za inchi ishirini, mpira mwembamba kama ukanda. "Tutakuwekea ishirini vilevile, madam. Gari ya fahari hii, usiivishe ndara."

Hilwa alikuwa amechutama kando ya gurudumu la mbele. "Samahani, kaka Khalfan. Mpira mwembamba hivi, shimo moja tu likijificha chini ya theluji, rimu imepinda. Zinazomfaa ni kumi na nane. Rimu ikipungua mpira unanenepa, na kimo cha gurudumu kinabaki kile kile."

"Kumi na nane! Breki za mbele umeziona? Kama vichwa vya mbuzi. Nilishajaribu gari kama hii, rimu ikagota. Shuleni hawakukwambia hilo?"

Bwana Awadh akatoka ofisini na kalamu sikioni. Akamsikiliza huyu, akamsikiliza huyu. "Hilwa, una hakika?"

"Nipe mpaka Alhamisi, arbab," Hilwa akamwambia tajiri wake.

"Haya. Lakini mpira ukishavishwa kwenye rimu, muuzaji harudishi. Ukikosea, hizo siku tisa hutazingoja."

Adhuhuri mtoto akaja kwangu, wali wake hakuugusa. Akanieleza kwamba rimu za kumi na nane kwa nje zote ni ndugu, lakini kwa ndani kila moja ina umbo lake. Mikono ya nyingine imebonyea, ya nyingine imebinuka, na wauzaji hawaandiki hayo popote.

"Sasa nitajuaje, nyanya, kabla hatujanunua?"

"Mimi hukata kitambaa kabla sijakata kigezo?" nikamuuliza.

Akanitazama. Kisha akainuka, akachukua boksi gumu lililokuja na vitambaa vyangu, akachukua na chaki yangu ya kushonea, akatoka mbio, nami nikamfuata pole pole na mkasi.

Gari ikapigwa jeki, gurudumu la mbele likafunguliwa. Nikashika ncha ya boksi, naye akachora kila pembe ya lile dude jekundu la breki linaloibana diski. Kigezo cha kwanza nikakikataa, pembe imekuwa ya mviringo mno. Cha pili kilikaa sawasawa, kikagusa kila mahali.

"Nguo ya kubana hivi itachanika mtu akiketi," nikamwambia. Akakata cha tatu, akakiongezea milimita tatu pande zote.

Khalfan akapita na chai yake. "Bi Mwanatumu, ndio mnaishonea gari suruali?"

"Subiri, mwanangu. Kanzu yako ndiyo inayofuata."

Jumanne tukaenda Deira kwa muuza rimu. Hilwa alikiegemeza kigezo pale katikati rimu inapokalia gari, akakizungusha ndani taratibu. Ya kwanza ikagota. Ya pili ikagota. Zile zinazong'aa, ambazo hata mimi nilizipenda, ndizo zilizogota mbele ya wote. Nilikuwa nimekwisha keti juu ya tairi kuukuu tulipofika ya kumi na moja, ya kijivu, haina urembo wowote, mikono mitano iliyobinuka kwa nje kama mgongo wa kijiko. Kigezo kikazunguka bila kugusa. Akazungusha tena. Akayapima mashimo ya bolti, yakakubali.

"Na wenzake watatu," nikasema, "maana jora moja huweza kuwa na kasoro katikati." Wote wanne wakapita.

Alhamisi tairi zilikuwa zimefika. Zina alama ya mlima na chembe ya theluji ubavuni, na mpira wake mlaini, umechanjwachanjwa mikato myembamba kama ya kisu kilichopita juu ya unga. Zikavishwa. Bi Afrah alisimama pembeni, mikono kifuani. Hilwa akalinyanyua gurudumu la mbele mwenyewe, akalikaza bolti, akalisukuma.

Likazunguka. Kimya kabisa.

Khalfan akapiga magoti na tochi, akatazama ndani. Akaomba usukani ukatwe wote kushoto, kisha wote kulia. Akalizungusha tena, sikio karibu na mpira. Akahamia upande wa pili akafanya vilevile. Alipoinuka magoti yake yalikuwa meusi.

"Linapita," akasema. "Wallahi linapita, na nafasi inabaki."

"Basi ndara zimenikaa," akasema Bi Afrah, akacheka mpaka akajishika shavu.

Bwana Awadh akatoa simu, akampigia mtu wake wa viza pale pale. "Nifungulie fomu. Hilwa, ndiyo. Pasi nakutumia sasa hivi." Akaishusha simu. "Kazi waandike nini? Msaidizi?"

Hilwa akafungua mdomo, Khalfan akamtangulia. "Andika fundi, arbab. Msaidizi hanifundishi mimi kazi."

"Fundi," Bwana Awadh akasema kwenye simu, akaitamka herufi baada ya herufi kwa Kiingereza.

Hapo sikujizuia. Nilipiga vigelegele katikati ya gereji, saa tano ya mchana, mpaka madereva wa teksi wa ng'ambo ya barabara wakashusha vioo kuuliza nani anaolewa.