Kinywaji cha Mama Anfisa

Siku thelathini na nne zilikuwa zimepita tangu Demyan Korzun abebe jeneza la Mama Anfisa, na mpaka leo hakuwa amehisi kitu. Alikula, akalala, akapakia mizigo chomboni. Roketi ilipoondoka kwenye uwanja wa Baikonur, wakati ambapo moyo wa kila mtu huenda mbio, wake ulipiga kama saa ya ukutani. Ganzi tupu.

Mama huyo hakumzaa yeye. Alimzaa Saveli Pestov, rafiki yake wa kufa na kuzikana, aliyekuwa kule juu kwenye kituo cha angani miezi saba sasa, na Saveli hakuwa na habari. Ndiyo desturi ya wakubwa: aliye angani haambiwi msiba. Na safari hii walikuwa na sababu. Pampu ya kupoza kituo ilikuwa imekufa, joto ndani limefika nyuzi thelathini na tano, na mtu wa kuifungua pampu ile kwa kupapasa tu, huku amevaa glavu nene kama mito, ni Saveli peke yake. Mfiwa haruhusiwi kutoka nje. Asipotoka, kituo kinahamwa, kinaachwa kianguke baharini. Basi Demyan aliapishwa anyamaze mpaka pampu mpya ifungwe. Akaapa. Mwenye ganzi huapa kwa urahisi.

Chombo kilipojishikiza kituoni na mlango kufunguliwa, Saveli aliwapokea Demyan na nahodha wake kwa mkate na chumvi, kama mwenye nyumba yeyote mwenye adabu zake. Amekonda, ndevu kichaka, kifua wazi kwa joto. Akambusu Demyan mara tatu, akamtania kwamba kwa kitambi kile roketi ilijitahidi sana. Wakashusha maji, chakula, barua, na pampu yenyewe. Maswali yote kuhusu Mama Anfisa, Demyan aliyajibu bila kigugumizi: ana mafua tu, ndiyo maana Jumapili haji kuzungumza redioni. Uongo ulimtoka laini kama siagi.

Kisa kikaja wakati wa chakula. Nahodha aliyekuja na Demyan alikuwa amebaki chomboni akikagua mitambo, kwa hiyo walikuwa wawili tu. Saveli akachomoa vifuko viwili vya konyaki alivyokuwa ameficha nyuma ya vichujio vya hewa. Wakagonganisha kwa ajili ya safari, wakagonganisha kwa ajili ya pampu. Kisha Saveli akainua chake tena.

"Kwa Mama," akasema.

Na mkono wa Demyan, mjinga yule, ukarudi nyuma wenyewe. Kwao hakuna kugonganisha kwa ajili ya marehemu. Mtu hulelewa hivyo mpaka mkono unajua kabla ya kichwa. Siku zote hizo alichunga ulimi, kumbe msaliti ni mkono! Alipousogeza mbele, maji yalikwisha mwagika.

Saveli alimtazama. Akanywa taratibu, akaziba kifuko, akasema walale, kesho kuna kazi.

Asubuhi watu wa chini wakaita redioni kuuliza kama yuko tayari. Wakaongeza kwamba mama yake anamsalimu, mafua yamepungua. Neno moja tu la Saveli na kazi ya nje ingefutwa.

"Mwambieni asitoke bila skafu," Saveli akajibu.

Saveli na Demyan walikaa nje kwa muda wa saa sita. Saveli alifungua boliti kumi na mbili, moja baada ya nyingine, wala hakupoteza hata moja. Hakuimba, yeye ambaye huimba hata akikojoa. Chini walipoona joto la kituo limeanza kushuka, wakapiga makofi, na makofi yale yakasikika masikioni mwao wote wawili.

Ndani, walipokwisha kuvuana kofia, Saveli alizima redio.

"Nani alibeba jeneza?"

"Mimi. Mbele, upande wa kushoto."

"Lilikuwa zito?"

Swali hilo Demyan hakuwa amelitengenezea uongo.

"Hapana," akasema. "Jepesi, Saveli. Jepesi mno."

Na hapo, kwa mara ya kwanza tangu makaburini, mikono yake ikaanza kutetemeka, ikashindwa kushika hata glavu. Saveli akaikamata yote miwili, akaishikilia. Glavu ikaelea zake pembeni, na hakuna aliyeifuata.