Msuuzo Alioweka Pyo Dong-gyu

Meneja Noh aliisujudia picha ya marehemu mara mbili, kama ilivyo desturi, akainama mbele ya mama wa marehemu, kisha akaja kukaa mezani kwangu na kompyuta kwenye mkoba. Nikajua amekuja na kazi. Mtu anayekuja kuomboleza habebi kompyuta.

Tulikuwa kwenye ukumbi wa misiba wa hospitali, siku ya pili. Pyo Dong-gyu, niliyemwita kaka kwa sababu alinitangulia kazini na ndiye aliyenifundisha, sasa alikuwa picha tu katikati ya maua meupe, utepe mweusi pembeni. Moyo ulimsimama kwenye ngazi za stesheni. Hakuwa ameugua.

Noh akavuta bakuli la supu, akatia wali ndani, akala.

"Pole sana, Bi Tak. Kula basi, utaanguka."

"Nimeshakula."

"Jumatatu wateja wanakuja," akasema kwa sauti ya chini. "Ule mfano wa kiwanda. Ufungue hapa mara moja, utoe msuuzo. Ni dakika tu."

Mfano huo ulikuwa kazi ya kaka Pyo. Sisi hutengeneza dawa ya sindano, na dawa hiyo hupitishwa kwenye mitungi mirefu iliyojaa chembechembe zinazoinasa, uchafu ukapita. Kila mkupuo wa dawa ukiisha, mtungi husuuzwa kwa bafa, maji yenye chumvi za kupimwa, mpaka mabaki yote yatoke. Kabla kiwanda kipya hakijajengwa, kaka Pyo alikiigiza chote kwenye kompyuta: mitungi, matangi, zamu za watu, na msuuzo wenyewe. Kompyuta ikaonyesha kwamba mitungi miwili inategemea tangi moja la bafa. Mmoja ukisuuzwa, mwenzake unangoja tangi lijazwe tena. Kwa hiyo mikupuo ya mwaka ikatoka michache kuliko ile ambayo Noh alikwisha kuwaahidi wateja. Ukifuta msuuzo, kungoja kunakwisha, na ahadi ya Noh inatimia. Kwenye skrini.

"Na wakiukumbuka ule wa kwanza waliouona?" nikauliza.

"Tutasema ulikuwa na kosa. Pyo aliuhesabu msuuzo mara mbili." Akapangusa mdomo. "Yeye hatadhurika. Amekwisha kwenda."

Kaka Pyo angemjibu kwa mzaha. Aliwahi kumwambia kikaoni, "Meneja, basi na wewe acha kuoga, utawahi kazini," watu wakacheka, Noh akacheka kwa meno tu. Mimi sina mizaha. Nina hasira, na hasira yangu siku zote nilikuwa naimeza.

Mama yake kaka Pyo akaja na sahani ya keki za mchele. Noh akapiga magoti upesi, akaipokea kwa mikono miwili.

"Mama, mwanao alikuwa mchapakazi kweli. Ameacha kakosa kadogo tu, lakini usijali, sisi wenzake tutakafunika."

Nadhani alitaka nisikie kwamba jambo limekwisha kuamuliwa. Mama akainama mpaka paji la uso likakaribia sakafu.

"Amewakosea? Nisamehe, bwana meneja. Nisameheni nyote. Sikumlea vizuri."

Mwanamke aliyefiwa jana, anamwomba radhi mtu anayetafuna chakula cha msiba wa mwanawe!

"Inuka, mama!" Sauti yangu ilinyamazisha ukumbi. "Hakukosea."

"Taratibu, Bi Tak," Noh akanong'ona. "Kuna watu."

"Wapo ndiyo. Wasikie!"

Nilichomoa kompyuta mkobani mwake, nikaifungua katikati ya mabakuli. "Mama, kabichi ya kuchachusha ukiitoa kwenye chumvi, huisuuzi?"

"Naisuuza."

"Kaka aliandika mitungi isuuzwe. Huyu anataka nifute, halafu aseme mwanao ndiye aliyekosea. Kiwanda kijengwe hivyo, mabaki yaingie kwenye mishipa ya wagonjwa, lawama iingie kaburini."

Noh akawageukia wa meza ya jirani, akicheka kidogo. "Majonzi, jamani. Msichana amechanganyikiwa."

Mama aliitazama skrini. Ile mistari ya rangi haikumwambia kitu. Kisha akamtazama Noh, na hakuwa ameinama tena.

"Mwanangu yuko pale," akasema, akionyesha picha. "Unasema amekosea. Nenda kamwambie."

"Mama, mimi nilikuwa nasema tu..."

"Si umetoka kumsujudia sasa hivi? Njia unaijua. Kamwambie."

Noh akasimama, akaenda mpaka kwenye ubani uliokuwa ukifuka. Akafungua mdomo mbele ya picha. Akaufunga. Mabega yake yakageuka kabla ya uso, akaelekea mlangoni kwenye viatu, akavivaa kwa kuvikanyaga visigino.

"Jumatatu nitaonyesha ule aliouacha yeye!" nikamwambia mgongoni. "Msuuzo ukiwa ndani na jina lake likiwa juu. Ukitaka kunifukuza, nifukuze mbele ya wateja."

"Kompyuta yangu," akasema bila kugeuka.

"Utaikuta kikaoni."

Akatoka. Mama alichukua bakuli la Noh, lililobaki na supu nusu, akaenda kulimwaga.